Mjumbe Hauawi

Huko Merigi, Bomet Mashariki, kulikuwa na mwalimu ambaye laptopu yake ilifanya kazi za watu wengi. Ilikuwa mashine iliyokwisha kutumika, zile zinazouzwa Nairobi kwa jina la ex-UK. Kwayo alijaza marejesho ya kodi ya KRA kila Juni, akatazama hati ya mshahara kwenye tovuti ya TSC, tume inayoajiri walimu, akaingiza alama za wanafunzi na kuandika kumbukumbu za chama cha akina mama ambacho yeye ndiye katibu wake. Mumewe aliandikiwa humo kilo za majani chai zilizopelekwa kituoni kila siku, ili mwisho wa mwezi azilinganishe na zile za kiwanda. Kijana wao, aliyemaliza kidato cha nne, aliishika usiku kwa filamu na kutafuta vibarua vya mtandaoni.

Kisa hiki kimeshonwa kutokana na visa vya watu mbalimbali. Ndiyo maana mwalimu huyu hana jina ila Madam, kama wanafunzi wake wanavyomwita. Lakini hitilafu zilizomo ni za kweli, huwapata watu kila mwezi, na dawa zake zinafanya kazi.

Mjumbe wa kwanza

Ilikuwa Agosti 2025, shule zimefungwa, laptopu ilipoanza kulalamika. Ilikuwa ikitumia Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilikuwa imeshautangazia siku ya kustaafu: 14 Oktoba 2025. Masasisho yalikuwa yangali yanashuka kila mwezi, na kila mara mashine ya Madam ilipojaribu kuyapokea ilifika katikati ikakwama, ikaandika kwamba imeshindwa, ikarudisha mambo yalivyokuwa. Alasiri moja kazi ilikuwa imekaribia kwisha mvua ikashuka, stima ikapotea, na betri iliyochoka haikumaliza hata dakika tano. Iliporudi kuwaka, ilikaa muda mrefu ikizungusha vidoti na kuandika kwamba inaondoa mabadiliko, isizimwe.

Madam alichoka. Alichokiona ni usumbufu. Hebu tutazame mashine ilikuwa ikisema nini.

Sasisho la Windows huenda kwa hatua. Kwanza hupakuliwa, kisha hufunguliwa, halafu faili mpya huandaliwa kando ya zile za zamani. Mwishowe, kompyuta inapojizima na kujiwasha, mpya hushika nafasi ya kuukuu. Kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa kwenye diski kuliko ukubwa wa sasisho lenyewe. Stima ikikatika katika hatua ya mwisho, mfumo hurudi nyuma ili usibaki nusu mpya nusu kuukuu. Kule kurudisha mabadiliko kunakowaudhi watu ndiko kinga yenyewe, na anayebonyeza kitufe cha kuzima kwa hasira katikati ya kazi hiyo ndiye hupata kompyuta isiyowaka kabisa.

Tena mashine haikushindwa kimyakimya. Chini ya ujumbe iliandika namba: 0x80070070. Namba hiyo ina maana moja tu, kwamba diski haina nafasi. Laptopu ilikuwa na diski ya GB 128, na filamu za kijana zilikuwa zimekula zaidi ya nusu. Isitoshe, kijana huyohuyo, ili kuokoa bando la simu, alikuwa ameiambia Windows kwamba intaneti ya nyumbani ni ya kupimwa, nayo ikawa inaahirisha mengi ya yale iliyopaswa kupakua, hata yakarundikana.

Dawa haikuhitaji fundi wala shilingi. Filamu zingehamishiwa kwenye diski ya nje. Faili za muda zingefutwa kupitia sehemu ya hifadhi kwenye mipangilio. Chaja ingechomekwa, na kazi ingefanywa asubuhi, kabla ya mvua ya mchana na kupotea kwa stima. Kwa bando, familia ingechagua siku moja ya mwezi ya kununua data ya kutosha na kuiachia mashine ipokee vyake vyote.

Na kama nafasi ipo na bado sasisho linakataa, iko ngazi ya pili. Hufunguliwa dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, ikaandikwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza ikafuata sfc /scannow. Amri ya kwanza hutengeneza ghala ambamo Windows huchota faili zake za akiba. Ya pili hukagua faili za mfumo, na iliyoharibika hubadilishwa kwa nzima kutoka ghala hilo. Ndiyo maana hufuatana hivyo: hakuna faida ya kuchota kwenye ghala lililooza.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Anayeleta habari mbaya hakuitengeneza habari hiyo, na ukimwua, habari itabaki palepale ila hutaijua. Madam alitafuta mtu wa kumwua mjumbe.

Fundi

Aliipeleka laptopu mjini Bomet, kwenye kibanda cha fundi mmoja kijana mwenye sifa ya kufanya kazi haraka.

"Fundi, hii mashine inaniletea mambo ya apdeti kila saa. Nataka inyamaze tu."

"Hiyo ni kazi ndogo, Madam. Rudi saa kumi utaikuta iko sawa."

Fundi hakuisoma ile namba, na Madam hakumwambia aisome. Alichomeka flashi yake, akafuta diski yote na kuweka Windows upya. Humo ndani ya flashi kulikuwa na toleo la Pro, ilhali leseni iliyokuja na mashine ilikuwa ya Home. Windows ikakataa kujiidhinisha. Badala ya kurudi nyuma na kuweka toleo linalolingana, ambalo lingejiidhinisha lenyewe bila malipo, fundi alifungua folda nyingine kwenye flashi ileile. Mlikuwa na programu ndogo ya kudanganyia leseni. Maelezo yake yalianza hivi: zima antivirusi kwanza. Akazima. Kisha akaiambia isichunguze tena diski ya C, ili chombo chake kisifutwe. Mwisho akazima huduma ya masasisho, kwa kuwa masasisho nayo huweza kuugundua udanganyifu huo. Saa kumi Madam alilipa shilingi mia nane, akapanda matatu, na mashine haikumsumbua tena.

Inafaa kueleza chombo hicho ni nini, maana kimezagaa katika vibanda vingi kuliko watu wanavyodhani. Mashirika makubwa hupewa na Microsoft njia ya kuidhinisha kompyuta zao kupitia seva ya shirika lenyewe. Njia hiyo huitwa KMS, na idhini yake hudumu siku 180 isipofanywa upya. Vyombo kama KMSPico hujifanya seva ya shirika ndani ya kompyuta yako. Kwa kuwa kazi yao ni udanganyifu, antivirusi huvikataa, na mtumiaji hufundishwa kwamba onyo hilo si la kweli. Hapo ndipo wahalifu walipouona mlango. Mtu aliyekwisha kukubali kuzima kinga yake kwa mkono wake, kuna nini tena cha kumzuilia mgeni wa pili asiingie nyuma ya wa kwanza?

Desemba 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, Red Canary, ilieleza jinsi vifurushi bandia vya KMSPico vilivyokuwa vikimbeba CryptBot, programu jasusi inayokomba nywila zilizohifadhiwa. Aprili 2023, Google ilitangaza kwamba imewashtaki wasambazaji wa CryptBot katika mahakama ya Marekani, ikikadiria kwamba kompyuta zipatazo 670,000 zilikuwa zimeambukizwa katika mwaka mmoja.

Wajumbe wengine wawili

Watu wengi hungoja kompyuta iwe nzito, au itoe picha za aibu, ndipo waseme imeingiliwa. Programu jasusi iliyoandikwa kwa ustadi haina haja ya kufanya fujo hizo. Huenda ikafanya kazi dakika chache tu: ikachukua nywila zote ulizoiruhusu brauza ikuhifadhie, ikachukua na vidakuzi, yaani vile vitambulisho vidogo vinavyoiwezesha tovuti kukutambua bila kukuuliza nywila kila unapofungua, ikafungasha, ikatuma, ikatulia. Mwenye kidakuzi chako cha barua pepe anaweza kuingia kwa mlango uliokwisha kuufungua wewe. Haulizwi nywila, na mara nyingi haulizwi hata ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu.

Septemba, Madam aliletewa habari mara mbili zaidi. Kwanza, alipofungua ukurasa wa usalama wa Windows kwa bahati, aliona maneno kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika. Kompyuta ya nyumbani kwake Merigi ingesimamiwa na shirika gani? Alidhani ni TSC, akafunga. Pili, simu yake ilipokea taarifa kutoka kwa Google kwamba akaunti yake imefunguliwa kwenye kifaa kipya. Alimwita kijana.

"Ni wewe umefungua email yangu kwa simu yako?"

"Labda, Mama. Sikumbuki."

Hiyo "labda" ilimtosha. Akaifuta taarifa.

Mwezi wa bonasi

Katika nchi ya majani chai, Oktoba ina harufu ya fedha. Wakulima wa viwanda vya KTDA hupata malipo ya mwisho wa mwaka, ile bonasi, na ndipo karo hulipwa, mabati hununuliwa, na vyama vya akina mama huongeza michango. Mtu yeyote aliyekuwa akisoma barua pepe za katibu wa chama angelijua hilo bila kufika Bomet.

Na yupo aliyekuwa akisoma. Mwizi wa kwanza, aliyevuna nywila, huenda hakujua hata Kenya iko pande gani. Mavuno ya namna hiyo huuzwa kwa jumla, ya maelfu ya watu kwa pamoja, na mnunuzi ndiye hukaa chini akachambua nani ni nani. Mnunuzi wa Madam alizikuta kumbukumbu za mikutano, majina ya wanachama, tarehe za michango na namna Madam anavyoandika. Akangoja wiki ya bonasi. Kisha kutoka kwenye barua pepe halisi ya Madam ilimfikia mweka hazina barua fupi: kwa sababu ya wingi wa malipo mwezi huu, mchango utumwe kwa namba mpya ya malipo iliyo hapa chini, tafadhali wajulishe wanachama. Ikamalizia kama Madam anavyomalizia siku zote: Kongoi mising.

Mweka hazina aliinakili kwenye kundi la WhatsApp. Kuanzia hapo haikuwa tena barua ya katibu pekee, ilikuwa agizo la mweka hazina pia, na mwanachama gani angetilia shaka sauti mbili? Kufikia adhuhuri kumi na mmoja walikuwa wamelipa. Aliyewazuia wengine ni mwenyekiti, mama wa makamo ambaye hana mazoea ya kulipa jambo asilolikumbuka.

"Madam, hii namba mpya tuliikubali mkutano gani?"

"Namba gani, Mama?"

Waliotuma walikimbilia kuomba miamala irudishwe, wakapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kama inavyoelekezwa. Kwa fedha zilizotumwa kimakosa na zingali kwa mpokeaji, njia hiyo huokoa. Hizi zilikuwa zimeshatolewa zamani.

Jioni hiyo Madam alifanya jambo ambalo kila mtu angelifanya: alibadilisha nywila ya barua pepe. Aliibadilisha kwenye laptopu ileile, na brauza ilipomuuliza iihifadhi, akakubali. Asubuhi akaunti ilikuwa imefungwa kwake, na hata namba ya simu ya kuirejeshea ilikuwa imebadilishwa. Alikuwa amemkabidhi mwizi ufunguo mpya mbele ya macho yake.

Binti wa jirani

Wikendi hiyo binti wa jirani, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Kabianga, alikuwa nyumbani. Mamake alimtuma.

"Chamgei, Madam."

"Chamgei mising, mwanangu. Karibu, kaa. Mashine ndiyo hiyo, nimeshindwa nayo."

Binti hakuigusa mashine. Aliomba kwanza simu ya mumewe Madam, ambayo haikuwahi kuunganishwa na laptopu ile, akahakikisha imesasishwa, na laptopu akaitoa kwenye intaneti. Kazi ya kwanza ilikuwa barua pepe, kwa sababu barua pepe ndiyo hutumika kurejesha nywila za mahali pengine pote. Anayeimiliki anaweza kuyachukua mengine moja baada ya jingine. Kuirejesha kulichukua siku kadhaa za kujaza fomu ya Google na kungoja. Ilipopatikana, waliweka nywila mpya, wakachagua kutoka kwenye vifaa vyote, ili vidakuzi vilivyoibwa vife, wakaondoa namba ya simu ya mgeni, wakawasha uthibitisho wa hatua mbili. Pia walikagua sehemu ambayo wengi huisahau: kanuni za kuelekeza barua. Mgeni alikuwa ameweka kanuni ya kuhamisha kila barua yenye neno "chama" iende kwenye kapu la takataka, ili Madam asiyaone majibu. Ndipo wakageukia eCitizen, KRA, TSC na benki, kila mahali nywila yake, hakuna iliyofanana na nyingine, zote zikaandikwa kwenye daftari linalofungiwa kabatini.

Baada ya hayo ndipo binti akaifungua laptopu. Aliagiza sasisho litafutwe. Mashine ikajibu kwa namba nyingine: 0x80070422.

"Hii si ile ya diski kujaa," Madam akasema. Sasa alikuwa anasoma.

"Hii inasema huduma ya masasisho imezimwa. Haijaharibika, Madam. Kuna mtu aliyeizima."

Kwenye Microsoft Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, alikuta diski yote ya C imeorodheshwa kama mahali pasipochunguzwa.

"Nani aliandika hivyo?"

"Ni yule uliyemwomba ainyamazishe."

Kijana wa nyumba aliuliza kama haitoshi kuondoa ile programu moja. Binti alimweleza kwamba katika kompyuta iliyokaa miezi miwili bila mlinzi, unachokipata hakikupi uhakika kuhusu usichokipata. Uchunguzi wa Microsoft Defender Offline, unaoiwasha mashine nje ya Windows ili mdudu asipate nafasi ya kujificha, ni mzuri kwa shaka ndogo. Kwa wizi uliokwisha kutokea, dawa ni kufuta yote na kuanza upya kwa chanzo safi.

Walinakili hati, picha na hesabu peke yake, bila programu yoyote. Kwenye kompyuta nyingine iliyo salama binti alipakua kutoka tovuti ya Microsoft chombo cha kutengenezea flashi ya usakinishaji, kinachohitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Akaweka toleo la Home. Mashine ilipopata intaneti ilijiidhinisha yenyewe bila kuombwa namba wala malipo, maana leseni yake ilikuwa halali tangu ilipotoka kiwandani. Uhalali ule fundi aliufunika kwa bandia bila kujua.

Kuhusu umri wa mfumo, binti hakumficha Madam. Windows 11 hutaka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, au wenzake wa AMD wa miaka hiyo, pamoja na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na laptopu hii haikufikia hapo. Kwa wenye mashine za namna hiyo, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza ya viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, ambao mtu hujiandikisha kupitia sehemu ya Windows Update. Walijiandikisha. Baada ya hapo kuna njia mbili: mashine mpya, au mfumo huria kama Linux Mint, usiolipiwa na unaoziendesha vizuri kompyuta za umri ule. Hesabu za chama zilihamia kwenye programu ya LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kudanganya leseni ya Office.

Flashi

Madam alirudi mjini na binti, amejaa maneno. Hayakuhitajika. Binti aliomba kuiona kompyuta ya fundi mwenyewe, akafungua ukurasa uleule wa Defender, na diski ya C ilikuwa imeorodheshwa vilevile. Barua pepe ya fundi ilikuwa imeibwa tangu Julai, akafungua nyingine akadhani ni bahati mbaya. Ile folda alipewa na rafiki aliyeipata kwenye mtandao, akaibeba kwenye flashi moja mwaka mzima, kutoka laptopu hadi laptopu. Alikuwa ameambukizwa kabla ya wateja wake, na bidii yake ya kazi ndiyo iliyoueneza ugonjwa. Siku hiyo alianza kuwapigia simu wale aliokuwa na namba zao.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: mbona masasisho yenyewe huharibu kompyuta? Ni kweli, huharibu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Lakini weka habari hiyo kando ya ile ya 2017. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows tarehe 14 Machi mwaka huo. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, mdudu WannaCry akapita katika tundu lilelile, akafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali nyingi za umma za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Walioumia ni wale ambao kiraka kilikuwa kimeshatolewa lakini hawakukiweka. Sasisho bovu hurekebishwa na aliyelitoa, mchana kweupe, kila mtu akiangalia. Tundu lisilozibwa humtumikia mtu usiyemjua, wala hatakutangazia.

Tena mlango wa programu jasusi si leseni bandia pekee. Ni mkono wowote unaoishika mashine ukiwa hupo. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa. Baada ya vifaa kurudishwa, wachunguzi wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba walikuta dalili za FlexiSPY, programu jasusi inayouzwa kwa yeyote mwenye fedha, na kwamba iliwekwa wakati simu zilikuwa zimeshikiliwa na polisi. Programu ya namna hiyo haihitaji ustadi wa ajabu. Inahitaji simu isiyofungwa, au nywila iliyotolewa, na dakika za faragha. Fundi anazo zote mbili. Mpenzi mwenye wivu anazo pia.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 humtoza anayeingia kwenye kompyuta ya mwingine bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Akina mama walipiga ripoti polisi, na walifanya vyema: bila ripoti hakuna kesi. Ila hakuna sheria iliyowarudishia mchango wa Oktoba.

Walichobaki nacho

Chama kilipokutana Novemba, hakikumfukuza Madam. Kilipitisha kanuni: namba ya malipo haibadiliki kwa ujumbe, wa barua pepe wala wa WhatsApp, hata ukitoka kwa nani. Hubadilika mkutanoni, na anayepokea habari kati ya mikutano humpigia mhusika simu, amsikie sauti, amuulize jambo ambalo halimo kwenye kumbukumbu. Kanuni hiyo haikuhitaji kompyuta yoyote, nayo pekee ingetosha kuwaokoa wote kumi na mmoja.

Nyumbani kwa Madam kuna mazoea mapya machache. Namba ya hitilafu hupigwa picha kwa simu kabla ya kufunga ujumbe, kisha hutafutwa kwenye tovuti ya Microsoft, kwa kuwa matokeo mengi ya kwanza kwenye utafutaji ni matangazo ya programu za "kutengeneza" ambazo nyingine ni wezi haohao. Kijana ana akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi, hivyo hawezi kuweka programu bila mama kujua. Brauza haihifadhi nywila za fedha. Hesabu hunakiliwa kwenye diski ya nje kila Jumamosi, kisha diski huchomolewa, maana diski inayokaa imechomekwa hupatwa na lolote linaloipata kompyuta. Na taarifa ya kuingia kwenye kifaa kipya haifutwi kwa "labda": kila mwenye nyumba huulizwa, na asipopatikana aliyeingia, nywila hubadilishwa kutoka kifaa kingine saa hiyohiyo.

Bado Madam huenda kwa mafundi, kama sote tutakavyoenda, kwa kuwa skrini huvunjika na chaja huungua. Ila nywila yake ya kila siku haiachi kibandani. Humfungulia fundi akaunti ya muda, na kazi inayowezekana huifanya aketi hapo akitazama. Na kabla ya kutoa fedha humwuliza swali ambalo Agosti hakulijua: umezima nini? Fundi mwaminifu atalijibu kwa kuonyesha. Asiyeweza kulijibu, au anayecheka, usimlipe mpaka awashe alichozima.